Dakika Saba

Mimi siyajui majina ya mifupa.
Nikiona damu hutafuta ukuta wa kuegemea.
Kazi yangu iko chini, jirani na chumba cha kufulia mashuka,
hospitali ya Kutaisi, ng'ambo ya mto Rioni,
na mahututi wa ghorofa ya tatu hunifikia wamekwisha kuwa namba:
mapigo, pumzi, joto, mkojo kwa saa,
safu juu ya safu,
kama nguo zilizokunjwa na mtu mwenye hasira.

Februari waliniletea faili la Tsiala,
mwoka mikate, miaka hamsini na minane,
aliyeingia na homa akatoka amefunikwa.
"Tafuta," alisema Dakta Nugzar, "nani alichelewa."
Nikatafuta. Kompyuta haina haya, ilisema upesi:
saa nane na dakika kumi na tatu usiku, shinikizo la damu laporomoka.
Saa nane na dakika ishirini, muuguzi Mzevinar aandika:
dawa imetiwa mshipani.
Katikati, dakika saba.

Dakika saba ni nyingi ghorofa ya tatu.
Chai hupoa. Ubongo hufa.
Kamati iliketi, ikazihesabu,
na Mzevinar, miaka ishirini na miwili ya zamu za usiku,
alivua viatu vyake vyeupe akavitia kwenye mfuko wa plastiki.
Chanda chema huvikwa pete;
chake kilinyooshewa vyanda vingine.
Hakubisha. Hakuaga.

Nami nilijiona nimefanya kazi safi.

Ilikuwa Mei, theluji ya milimani ikishuka mtoni kwa kelele,
nilipopanda na ngazi kubadilisha waya.
Kitanda cha nne. Mashine ya Tsiala, sasa ya mwingine.
Pembeni mwa kioo, tarakimu ndogo za kijani.
Nikatazama simu yangu. Nikaitazama tena.
Nikampigia fundi wa maabara: kwako saa ngapi?
Mashine ilikuwa nyuma.
Nyuma kwa dakika saba.

Nilikaa juu ya ngazi kama kuku wa mvua.
Kumbe shinikizo liliporomoka saa nane na ishirini,
na saa nane na ishirini sindano ilikuwa imeshazama.
Zile dakika nilizozipima,
nikazipaka rangi nyekundu, nikazipeleka mezani,
hazikuwahi kupita duniani.

Tukaanza na saa.
Kitanda hadi kitanda, mimi na mwanafunzi aitwaye Bondo,
mashine kumi na tisa, kila moja na alfajiri yake,
tukazifunga zote kwenye saa moja.
Kisha kengele: mia nne na kumi na mbili kwa usiku mmoja,
nyingi zikililia kidole kilichotikisika, waya uliolegea.
Ngoma ikilia sana hupasuka;
sikio nalo.
Wauguzi walinipandisha juu, wakaniketisha,
wakanifundisha kipi ni kilio na kipi ni kikohozi cha chuma.
Tulizima, tukaunganisha, tukakosea.
Usiku mmoja tulizima isiyozimwa, na Bondo akatapika kwa hofu.
Tukarudia.

Juzi mashine iliita mara moja tu, kwa sauti ya chini.
Erekle, kijana wa pikipiki:
mapigo yakipanda taratibu, pumzi ikifupika, joto likisogea,
hakuna hata moja la kutisha likiwa peke yake.
Muuguzi aliinuka na kipande cha mkate mkononi.
Kijana yu hai. Jana alilalamika supu haina chumvi.

Walinipigia makofi kwenye mkutano.
Usiku ule nikamwandikia Mzevinar, kwa mkono,
nikafuta, nikaandika,
nikamweleza habari za saa, za kijani, za ngazi.
Siku hizi anafuga nyuki kwa dada yake.

Jibu lilikuja nyuma ya risiti ya sukari:
Nilijua.
Mashine ilikuwa kushoto kwake.
Mimi nilikuwa nimemshika mkono wa kulia.